Nane Yangu na Nane ya Shemeji

Mwaka 1965 nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo shida ilipoanza. Baba alikuwa migodini Zambia. Likarudi sanduku lake, yeye hakurudi. Ndani mlikuwa na koti, viatu vya kazi na mkasi wa kukatia bati. Koti alichukua mama, viatu akachukua baba mdogo, mkasi nikaachiwa mimi kwa sababu hakuna aliyeutaka. Shule niliacha darasa la pili. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Wengi waliomaliza la saba nimewanyooshea magari yao.

Kazi nilijifunzia Mbalizi, kwenye gereji isiyo na paa. Nilifagia, nikashika taa, nikapewa nyundo. Nilipofika miaka ishirini nilikuwa fundi bodi, na sikumwita mtu yeyote bosi. Rula sikuwa nayo. Hata ningekuwa nayo, zile alama ndogo zingenichosha. Nilipima kwa shubiri, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, mkono umenyooshwa. Ukiniletea gari nakwambia lina shubiri ngapi kabla hujazima injini.

Mdogo wangu wa kike aliolewa Iringa na seremala, Mhehe, mtu mrefu sana. Siku ya kwanza alipokuja kwetu aligonga kizingiti kwa paji la uso, kisha akasalimia kana kwamba ndiyo desturi ya kwao. Nikampenda. Tukawa mashemeji wa kutaniana, si wa kuheshimiana.

Miaka ya themanini magari mapya hayakuwepo, na ukitaja vipuri watu walikucheka. Mwenye duka mmoja wa Kihindi pale Iringa mjini alikuwa na gari dogo la saluni, la Kifaransa, rangi ya maziwa, lililogongwa nyuma na lori kwenye mlima Kitonga. Buti lilikuwa limehamia kwenye viti. Shemeji alimtengenezea makabati ya duka zima, naye akampa lile gari. Shemeji akaniita kutoka Mbalizi.

"Shemeji, hili tulikate tufanye pikapu. Tubebe viazi vya Kilolo."

"Unajua maana ya kukata saluni?"

"Sijui. Ndiyo maana nimeita fundi."

Nilimweleza. Saluni haina chesisi, bodi lenyewe ndilo uti wa mgongo. Ukilikata nyuma bila kulishika chini linakunjika kama kitabu. Kwa hiyo nilichomelea kwanza vyuma viwili virefu chini, kisha nikakata paa nyuma ya kiti cha dereva, nikaondoa viti na buti, nikaziba mgongo wa kichwa cha gari kwa bati na kioo. Hiyo kazi ilikuwa safi. Sisemi ili nisifiwe, ilikuwa safi.

Yakabaki mabati ya pembeni, pale pa kubebea mzigo. Ili tumalize siku hiyohiyo, tuligawana. Mimi upande wa kushoto, yeye upande wa kulia.

"Shubiri nane," nikamwambia.

"Za nani?"

"Shubiri ni shubiri."

Akatoa mfukoni kamba ya katani, ile ya useremala. "Tumia kamba, shemeji. Moja, pande zote mbili."

Nikamwambia maneno ambayo nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. "Kamba ni ya kufungia mbuzi. Mimi ni fundi bodi. Futi yangu ni mkono wangu."

Shemeji akarudisha kamba mfukoni. Akapima nane zake, nikapima nane zangu, tukakata, nikachomelea. Halafu tukaleta mlango wa nyuma.

Kulia uligusa. Kushoto ulibaki na nafasi ya kupitisha kichwa cha paka.

Mkono wake ni kama jembe, wangu ni wa mtu wa kawaida. Nane yangu na nane yake hazikuwa ndugu. Upande wake ulifika mwisho wa sakafu, wangu uliishia njiani; chuma cha kuongezea kilikuwa kimeisha, na kingine hakikuwepo mjini wala mkoani. Tukafunga mlango kwa kamba, ileile ya useremala. Ikasaidia kiasi chake. Barabara ya Kilolo ina miteremko na makona, na kila mteremko ulitoa viazi kadhaa kwenye lile pengo. Watu wa barabara ile walitupenda sana. Kuna mama mmoja alikuwa akisikia injini anatoka na beseni.

Tuliendesha hivyo misimu miwili. Siku moja sokoni mtu alimuuliza shemeji ni fundi gani alipindisha gari hili. Nilikuwa pale. Nikawahi kujibu: "Huyu seremala. Ana mkono wa ajabu."

Watu wakacheka. Shemeji hakucheka. Tulipofika nyumbani akasema, "Nilisema kamba."

"Hukusema."

"Nilisema kamba, na wewe unajua."

"Hukusema kitu," nikasema, nikachukua nyundo yangu, nikapanda basi la Mbeya.

Baada ya hapo tulikutana misibani na harusini tu. Salamu ya kwao, kamwene, kamwene, mvua zikoje huko, basi. Kwa miaka zaidi ya thelathini kila aliyeniuliza kuhusu pikapu ile nilimpa jibu lile la mkono wa ajabu. Nililisema mpaka likawa kama picha ukutani.

Mwaka juzi mdogo wangu akanipigia simu.

"Kaka, shemeji yako macho yamekwisha."

"Yamekwisha vipi?"

"Sukari. Anaona mwanga tu, hata mtu mlangoni hamtambui. Na miguu sasa imeanza."

"Anasemaje?"

"Anauliza lile gari. Anataka alishike."

"Si liliuzwa chuma chakavu?"

"Nimemwambia. Akasema basi nimuulize aliyelipindisha, labda ana jingine."

Nikakata simu. Aliyelipindisha! Nikakaa nalo siku mbili. Siku ya tatu nikachukua mkasi wa baba.

Nilisema nitalitengeneza lile gari dogo, la bati, lilivyokuwa, na nitalinyoosha. Atalishika kwa mikono yake mwenyewe aone kwamba kazi yangu hainaga kasoro. Pia nilijua kwamba mtu ambaye sukari imemfika miguuni hasubiriwi sana, na lile neno la kamba lilikuwa bado liko kati yetu. Sikujua nataka lipi kati ya hayo mawili. Nilianza kazi hivyohivyo.

Kipimo kilikuwa rahisi. Shubiri moja ya gari, upana wa kidole kimoja kwenye bati. Gari lilikuwa shubiri ishirini, kwa hiyo vidole ishirini. Boneti nililigonga juu ya kipande cha mparachichi nilichokichonga mviringo wake. Ekseli ni spoku za baiskeli. Matairi niliyakata kwenye ndala za zamani, vioo ni chupa ya maji, taa za mbele ni vizibo vya soda nilivyovisugua mpaka vikang'aa. Viungo nilivilehemu kwa risasi, na chuma cha kulehemea nikikipasha kwenye jiko la mkaa.

Mke wangu akaja kibandani. "Debe langu la unga liko wapi?"

"Lina magurudumu."

Akaliangalia gari. "Na unga?"

"Uko kwenye ndoo."

Akaondoka. Baadaye akaniletea rangi ya kucha, ya rangi ya maziwa. Huyo ndiye mke.

Nilipofika kwenye mabati ya pembeni nilichukua uzi. Ndiyo, uzi. Nikapima vidole nane juu yake, nikafunga fundo, nikaupeleka kushoto, nikaupeleka kulia. Mlango wa nyuma ukafunga taratibu, bila kelele. Nilifungua na kufunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kwenye basi nililipakata ndani ya boksi la sabuni, pamoja na mkasi, risasi na chuma cha kulehemea, endapo litabonyea njiani. Tulipopita Makambako kijana wa kiti cha pembeni akachungulia.

"Shikamoo mzee. Hilo la mjukuu?"

"Marahaba. La shemeji yangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Sabini na nne."

Akavaa spika zake za masikioni.

Shemeji nilimkuta amekaa barazani, amenyoosha miguu, mrefu vilevile. Mdogo wangu akasema, "Kaka amefika." Shemeji akasema, "Nimesikia kikohozi. Kamwene."

"Kamwene. Nimekuletea gari."

Nikamwekea mapajani. Akaanza mbele. Akagusa taa, akapita juu ya boneti, akacheka kidogo alipofika kwenye kioo. Akashuka mgongo wa kichwa. "Hapa ulifanya kazi," akasema. Nilikubaliana naye kimoyomoyo. Kisha akapima ubavu wa kushoto kwa vidole vyake vikubwa, akaenda wa kulia, akarudi wa kushoto. Akafungua mlango wa nyuma. Akaufunga.

"Pande zote sawa," akasema.

"Sawa kabisa."

"Umetumia kamba."

Nikaanza kufuta vumbi kwenye boksi.

"Shemeji, mimi ni kipofu, si kiziwi. Nimekuuliza."

"Uzi," nikasema. "Nimetumia uzi."

Akalisukuma gari kunirudishia. "Zuri. Lakini hili si letu. Letu lilipinda. Hili mpelekee huyo uliyelijenga naye."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Hakusogea. Ningeweza kuchukua boksi langu, basi za kurudi zilikuwa bado zipo. Niliiangalia ile mikono yake mapajani, haina kitu cha kushika.

Nikasema, "Ulisema kamba."

"Nilisema."

"Siku ileile, kabla hatujakata. Nilikusikia. Na pale sokoni nilidanganya."

"Ndiyo," akasema shemeji. Halafu akamwambia mke wake, "Hiyo chai inapoa."

Tulipomaliza chai akaniambia nilete mkasi. Nikayafungua mabati ya pembeni yote mawili. Nikapima kushoto nane zangu. Yeye akalaza vidole vyake kwenye bati la kopo la maziwa ya unga, nane zake, nikakata pale kidole chake kilipoishia. Jiko lilikuwa la mdogo wangu, risasi nilikuja nayo. Nikalehemu. Tukaleta mlango wa nyuma. Kulia uligusa, kushoto ukabaki wazi.

Shemeji akatia kidole kwenye lile pengo, akakiacha humo. Kisha akaomba maharage. Mdogo wangu akaleta konzi moja. Tukayapakia, shemeji akaliinamisha gari kama kwenye mteremko wa Kilolo, na maharage yakaanza kutoka moja moja, yakiruka sakafuni.

"Yule mama na beseni!" akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. Mdogo wangu aliyaokota, akayarudisha, wakamwaga tena.

Gari nimeliacha kwake. Kila nikipiga simu nasikia maharage.

Mimi leo nina nyumba ya vyumba vinne Mbalizi, bati zake nilipiga mwenyewe. Gereji yenye ukuta na paa. Ng'ombe wawili, mmoja wa maziwa. Ekari tatu za mahindi. Mke mmoja, yuleyule. Debe jipya la unga, ambalo nimekatazwa kuligusa. Mkasi wa baba, bado unakata. Na kamba moja ya katani, ya useremala, aliyonipa shemeji nilipokuwa naaga. Naitumia.