Mistari Miwili ya Dada wa Rada

Siku niliyomwona mara ya kwanza alikuwa amepiga magoti kwenye tope chini ya antena, akipapasa nyaya moja moja. Mimi nilikuwa mfyeka majani wa kituo.

"Kaka, huna koti la mvua?"

Nikatikisa kichwa. Kesho yake akaniletea la kwake la zamani, la njano.

Kazi yake ilikuwa rada. Inarusha mawimbi juu kabisa, kwenye tabaka la anga lenye umeme, nalo linayarudisha. Kila asubuhi alichora mistari miwili kwenye karatasi moja: mwekundu wa vipimo vya rada, mweusi wa utabiri wa kompyuta.

"Ikiachana, mmoja unadanganya," aliniambia dirishani. "Mshahara wangu ni kujua upi."

Masika yale fyekeo langu likakata waya uliofichwa na majani. Niliuunga, nikauzungushia kipande nilichochana kwenye pindo la koti, nikaufukia. Sikusema. Mimi hata salamu hunitoka kwa shida.

Wiki ileile mstari mwekundu ukashuka chini ya mweusi, ukakaa hukohuko.

Mkuu wa kituo alimcheka mbele ya watu. "Mama, anga limelewa au ni wewe?"

"Utabiri ndio umekosea, mkuu."

"Nyaya umekagua?"

Alikuwa na mimba ya miezi minane, kuinama hawezi. Akanifuata uwanjani. "Kaka, zile nyaya nzima? Niambie kweli. Wakinifukuza sasa, huyu nitamlea na nini?"

"Nzima, dada."

Akaandika kwenye ripoti kwamba zimekaguliwa, akatia sahihi.

Wiki mbili hazikufika, wakaguzi wakaja wakafukua. Mkuu akainua kile kipande cha njano kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Haya, bingwa! Unabishana na kompyuta kwa ajili ya tambara! Nani kafunga hiki?"

Dada alikiangalia, kisha akaniangalia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, fyekeo mkononi.

"Sahihi ni yangu," akasema.

"Basi na mlango ni wako. Tembea."

Watu wakacheka. Mimi ndiye niliyetumwa kumfungulia geti. Alipita na boksi lake kaliegemeza juu ya tumbo, akasimama, hakugeuka.

"Lile koti baki nalo, kaka. Mvua bado ipo."