"Ni Maua Tu," Walimwambia

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili amepiga magoti kwenye udongo wenye umande nyuma ya nyumba yake, anapima mmea kwa futi ya fundi cherehani. Mdomoni amebana utepe wa shuka kuukuu. Ukimwamkia anakuitikia kwa mguno.

"Sentimita sitini na tatu," anasema hatimaye, akiutoa utepe mdomoni. "Jana sitini. Unajitahidi, maskini. Usingekuwa na haja ya kujitahidi kama watu wangekuwa na adabu."

Wenzake kazini humwita Bi Zambarau, na jina hilo amelipata kwa mmea huu. Ni klematisi, mmea wa kutambaa wenye maua makubwa ya zambarau, kila ua pana kama kisahani cha chai. Mwaka jana ulipanda ukutani hadi kwenye mfereji wa paa, ukatoa maua arobaini na mawili kwa mkupuo. Aliyahesabu mwenyewe, mara mbili.

Mwaka huu ukuta ni mweupe pe, na kilichopo ni kitawi kimoja cha kijani kinachopita magoti kidogo.

Bi Zambarau hupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka mia nne kwa zamu, amesimama, mvuke usoni, mwaka wa kumi na tisa huu. Mkono wake wa kulia haunyanyuki tena kupita sikio. Mashuka yaliyochakaa hutupwa, naye huyaomba, akayachana tepe laini za kufungia mmea, maana kamba hulikata shina lake. Ni jembamba kuliko kalamu.

Wakati wa baridi klematisi huonekana imekufa. Majani hupukutika, shina hubaki kahawia, kavu, kama kamba iliyosahaulika ukutani. Lakini vichipukizi vya yale maua makubwa ya mwanzo wa msimu vimo humo humo, kwenye shina la mwaka jana. Ukilikata hilo, umekata maua. Kwa hiyo Bi Zambarau huondoa ncha zilizokufa tu, kwa mkasi, kifundo baada ya kifundo, na kazi hiyo humchukua Jumapili nzima.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ni fundi rangi. Hayo hakuyajua, wala hakuuliza.

Alikuja mwishoni mwa baridi, Bi Zambarau akiwa zamu, kupaka ukuta wa nyuma kama zawadi. Hakuna aliyemwomba. Aliona takataka imening'inia, akatoa kisu, akakata sawasawa na udongo, akabandua vyote, akavitia moto. Kisha akapaka rangi nyeupe mara mbili, kwa ufundi kabisa.

"Narudi, namkuta anatabasamu," anasimulia Bi Zambarau, na sauti inampanda kana kwamba ni leo. "Ananiambia, 'Shemeji, nimekusafishia.' Nimekusafishia! Miaka minane, jamani! Namuuliza mmea wangu uko wapi, ananionyesha jivu."

Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka, na haoni haya kulisema. Mumewe akajaribu kumpoza. "Hasira hasara, mke wangu. Ni maua tu, yataota mengine."

"Nikamwambia, hasara nimeshaipata, basi niachieni hasira yangu."

Ni maua tu. Maneno hayo yalimchoma kuliko kisu chenyewe, na mwandishi wa makala haya, baada ya siku mbili uani kwake, hana la kumlaumu. Ndani ya nyumba ile yumo mama yake mzazi, wa miaka sabini na minane, na macho yake yanazima. Sura za watu hazioni tena. Anaona vitu vikubwa vyenye rangi kali, basi. Daktari wa macho amesema huenda hata mwanga huo mdogo usiufikie mwisho wa mwaka.

Mwaka jana, kwa wiki tano, mama huyo aliwekewa kiti kila asubuhi, hatua mbili kutoka ukutani.

"Mimi mwanawe ananijua kwa sauti," anasema Bi Zambarau. "Lakini yale aliyaona. Ananyoosha kidole, anasema, lile la pembeni limefunguka leo. Hakuna aliyemwambia! Sasa njoo hapa uniambie ni maua tu."

Kilichouokoa mmea ni jambo ambalo watu walimchekea. Siku ya kuupanda alichimba shimo la kina cha mkono hadi kiwikoni, akafukia shina na vifundo vyake viwili chini ya udongo, akaweka vigae vilivyovunjika juu yake ili mizizi ikae kwenye ubaridi. Wakamuuliza: unapanda au unazika? Wiki ya tano baada ya kile kisu, kifundo kimoja kati ya vile viwili kilitoa chipukizi.

Lakini tawi jipya huchelewa. Likichanua, litachanua mwisho wa msimu, kwa maua machache na madogo zaidi. Je, macho ya mama yatasubiri?

Siku hizi shemeji huja kila asubuhi na ndoo ya maji. Ndiyo adhabu aliyopewa: amwage taratibu kando ya vigae, asiguse kitu.

"Nilitaka kutenda wema," anamwambia mwandishi kwa unyonge.

"Si ungetenda wema uende zako!" Bi Zambarau anadakia. "Ulitenda, ukabaki, ukawasha na moto!"

Mama mtu, kitini pake, anacheka kidogo, kisha hacheki. "Mwanangu," anamwambia fundi rangi, "wewe una macho mawili mazima, ukaona takataka. Mimi nusu kipofu nilikuwa naona maua. Sasa nani apelekwe kwa daktari?"

Fundi rangi anaokota ndoo yake na kuondoka.

Bi Zambarau ameomba likizo yake yote ya mwaka, siku ishirini na moja, iangukie mwisho wa msimu, ili awepo. "Sitaki arobaini na mawili," anasema. "Nataka moja. Lipanuke, mama alinyooshee kidole mwenyewe."

Anachungulia langoni kuhakikisha shemeji ameshapotea, kisha anashusha sauti. Juzi alitundika foronya ya zambarau pale ukutani, kujaribu tu. Zamani, ukuta ukiwa wa kijivu, mama hakuona kitu akiwa mbali zaidi ya hatua mbili. Safari hii alikuwa kwenye mlango wa jikoni, hatua saba nzima, akauliza: hiyo zambarau ni nini?

"Ni ule weupe," anakiri, akiuma meno. "Rangi yake inamsaidia mama kuona. Lakini hilo hatalisikia kwangu. Si mwaka huu!"

Anapoambiwa kwamba yote haya yatatoka gazetini, anapunga mkono.

"Wewe andika tu. Yule magazeti hayasomi, anayatandika sakafuni akipaka rangi."