Mama Alipokwenda Osaka kwa Miguu

Mama yangu alitembea Osaka mwezi mzima wa Agosti bila kutoka sebuleni kwetu Al Warqa. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nimechanganyikiwa. Siku zile tulichanganyikiwa sote.

Alikuwa amepasuliwa goti. Daktari alimtaka atembee kila siku, lisije likakakamaa, lakini kwa jua la Agosti hapa jangwani humtoi nje hata paka. Basi nikanunua mashine ile ya kutembelea, mkanda unazunguka na wewe huendi popote, nikaiweka mbele ya televisheni. Mama akaitazama, akasema yeye si ngamia wa kinu cha mafuta. Hapandi.

Mimi sikuumia kwa ajili ya mashine. Tangu atoke hospitali alikuwa akisali juu ya kiti cha plastiki, na kila akiinama kiti kinalia kwii, nami niko jikoni nasikia. Amesali chini miaka yote, akilea watoto, akizika mume, leo paji lake la uso halifiki kwenye msala. Hakulalamika, ila akimaliza habanduki kitini mpaka nimwite mara mbili. Na daktari alishasema, goti likikakamaa, khalas, kiti ndicho maisha.

Aliyetuletea Osaka ni binti wa Kikenya aliyekuja kumnyoosha mguu mara mbili kwa wiki, aliyemwita Mama "shosho", yaani bibi kwa lugha ya kwao, na Mama akakubali. Alikuwa na video kwenye simu: mtu anatembea mjini saa nzima na kamera yake, hasemi neno. Tukaiweka kwenye televisheni. Mama akaona taa, vichochoro, moshi wa mishikaki, watu tele. Akauliza ni wapi, akaingia chumbani, akatoka kavaa buibui na viatu, mkoba kwapani.

"Sitoki mbele za watu na kanga mie," alisema, akapanda mashine.

Nikamshukuru Mungu, kumbe ndiyo kwanza balaa linaanza. Mama hajui kumpita mtu bila kumsalimu. Kila Mjapani aliyetokea alipewa salamu yake, na hakuna aliyeitikia. Dakika ya tano akazima mashine, kanuna: mji gani huu, watu wamekaa wanakula tambi, unawapita, hata karibu hawasemi. Ikabidi nisimame pembeni ya televisheni nikiitikia kwa niaba ya Osaka nzima. Waaleykum salaam, bibi. Karibu tambi. Mimi huyo, mtu mzima, nimetoka kazini kwenye maghorofa ya Jumeirah Lakes Towers ambako nina watu chini yangu.

Siku ile alishuka mapema, akaendelea kutazama kochini, na dakika ya ishirini ya video, ng'ambo ya daraja, palikuwa na kibanda. Mzee mmoja alikuwa na chuma chenye mashimo, anamimina uji wa unga, anageuza kwa kijiti. Vitumbua! Halafu Mama akamwona anatia vipande vya pweza ndani, akashika mdomo. Vitu viwili alivyokua navyo tangu utotoni, na maisha yake yote hakuna aliyewahi kuvifungisha ndoa.

Kesho yake nikatoa chuma chetu cha vitumbua, nikaacha sukari, nikatia pweza na vitunguu. Sharti langu likawa moja: hakiliwi kitu mpaka tufike kibandani. Basi kwa ajili ya pweza Mama akatembea. Wiki ya kwanza aliishia duka la viatu. Wiki ya pili alifika darajani, akasema mwenda pole hajikwai, akashuka. Wiki ya tatu alikula.

Siku moja nikachelewa kwa foleni barabarani. Nikamkuta kaketi kwenye kochi, sahani mapajani, kwenye televisheni mzee wa kibanda anageuza vyake. Mashine ya kutembelea imepoa, haijakanyagwa. Binti wa Kikenya alikuwa anatazama dari huku anatafuna. Mama alikuwa amemwambia asogeze video mbele mpaka kibandani.

"Nilipanda teksi," Mama alisema.

Nikapandwa na hasira, sikujizuia. "Mama, unataka usali kwenye kiti mpaka kaburini?"

Binti akaacha kutafuna. Mama akaweka sahani chini, akafuta vidole kimoja kimoja. Nilijuta hata kabla sijafunga mdomo, lakini neno likishatoka limetoka.

Kesho yake niliporudi nilimkuta yuko njiani, buibui na mkoba, jasho linamtiririka. Hakunitazama. Hakumsalimu mtu hata mmoja. Nikasimama mahali pangu pembeni ya televisheni, lakini kazi sikuwa nayo. Akavuka daraja. Akafika kibandani, akampita mzee na pweza wake, akaenda mpaka kituo cha treni ambako video inakwisha. Kabla ya siku ile hatukuwahi kukiona kituo kile.

Nikajificha jikoni kupasha vitumbua ambavyo hakuna aliyeviomba. Msikiti wa mtaa ukaadhini magharibi. Nikangoja kiti kilie. Hakikulia. Nikazima jiko nisikie vizuri, bado kimya, mpaka nikamsikia akitoa salamu, kulia na kushoto, na sauti inatokea chini.

Nikaenda mbio. Kiti kilikuwa kimesukumwa ukutani. Mama alikuwa juu ya msala, kakaa upande, alama ya nyuzi za msala ipo kwenye paji la uso.

"Njoo uniinue, mwanangu," alisema. "Kufika nimefika. Kurudi ndiyo siwezi."