Sahihi Niliyomwekea Mtani Wangu

Kalamu ilikuwa yake. Nalisema hili mwanzo kabisa, asije mtu akasema nimelificha. Aliichomoa mwenyewe kwenye mfuko wa shati, akaipuliza ncha, akanikabidhi huku anacheka. Nami nikaitumia kumfuta kwenye orodha ya wapiga kura wa kijiji alichozaliwa.

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Niliolewa huku Korogwe, upande wa Mazinde, nikazalia huku, nikafiwa na mume huku. Kazi yangu ni mahindi: nayafuata Handeni kwa magunia, nayauza huku kwa debe. Mdomo ninao, sikatai. Sokoni ukinipunja kipimo utaisikia habari yako mpaka stendi.

Yeye ni Mnyamwezi. Au niseme baba yake ndiye aliyekuwa Mnyamwezi, akaletwa kutoka Tabora kukata mkonge enzi za manamba, wakati mtu alipoandikwa kwa namba kabla hawajamuuliza jina. Mzee mwenyewe alizaliwa hapahapa kambini, kwenye zile nyumba za mistari za shamba la mkonge, akafanya kazi korona mpaka nguvu zikamwisha. Korona ni kile kiwanda cha kuchakata mkonge, tulikiita hivyo zamani sana kabla ule ugonjwa haujatuibia jina. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilibaki kwenye mashine. Tabora hajafika hata siku moja. Kizigua anakisema kuliko wanangu.

Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Zaidi ya miaka ishirini sikuwahi kumpa mzee yule shikamoo. Nikimkuta njiani namwambia, "Mtumwa wangu, bado hujafa? Babu yangu alikununua kwa kibaba cha chumvi, na naona alipunjwa." Naye anajibu, "Mchawi wa Handeni! Kwenu, kwa ukame ule, mvua ikinyesha mnakimbilia polisi kutoa taarifa." Tukishamaliza kutukanana ndipo tunaulizana hali za watoto.

Mume wangu alipofariki, mzee alikuja msibani akavaa koti la marehemu na kofia yake, akaanza kutembea uani kwa mwendo wa marehemu uleule, bega moja juu, huku akinigombeza kwa sauti yake kwamba chai haina sukari. Wanawake waliokuwa wananishika mikono walipasuka kicheko. Nami nikacheka. Nilikuwa sijala siku mbili, na baada ya kile kicheko ndipo uji ukapita. Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia.

Sasa uchaguzi wa serikali za mitaa. Shamba la mkonge lilikuwa limeachia kipande cha ardhi, kile chenye kambi, na mwenyekiti wa kitongoji atakayechaguliwa ndiye angekaa kwenye kamati ya kuamua wapi pabaki makazi na wapi pawe mashamba. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alisema kambi ibaki na watu wake. Wa pili hakusema mengi, ila kila mtu alijua wanunuzi anao tayari. Nyuma ya kambi kuna makaburi. Baba wa mzee yupo pale, na mkewe yupo pale, na mzee alitaka kitu kimoja tu kwenye uchaguzi ule: makaburi yasilimwe. "Mtani," aliniambia, "mwaka huu nitapiga kura hata kwa kubebwa na machela."

Orodha ya wapiga kura ilipobandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, tulikwenda pamoja kuitazama. Jina lake lilikuwepo. Aliligusa kwa ule mkono wa vidole vitatu, akageuka akaniambia, "Umeona? Wewe utafute lako huko kwa wachawi." Watu walikuwa wengi barazani, kila mtu anajitafuta. Pembeni kulikuwa na bwana mmoja wa fulana ya kola, mpiga debe wa yule mgombea wa pili, kakaa kwenye meza na makaratasi yake. Akauliza kwa sauti kama kuna mtu anayemjua yeyote kwenye orodha ambaye si mkazi au si raia.

Ebo! Na mdomo wangu huu.

"Mmoja huyu hapa!" nikasema. "Mrundi huyu, kaletwa na namba shingoni, mrudisheni kwao!"

Baraza zima lilicheka, maana kila mtu alijua ni Mnyamwezi. Mzee akapiga makofi. "Kweli kabisa, bwana mkubwa, mimi Mrundi, na huyu mama ni mchawi, mwandike na yeye!"

Yule bwana alitabasamu kidogo. Akaniuliza, "Mama, maneno hayo unaweza kuyatilia sahihi?"

"Lete hapa!"

Anayejua utani atanielewa, na asiyeujua sina la kumfanyia. Kwenye utani ukirudi nyuma umeshindwa. Mtani akisema anachukua jogoo wako, anamchukua kweli, na wewe unamtazama akiondoka naye. Ukitishia kumuuza mtani wako, unamtafutia na mnunuzi. Kwa hiyo niliposema huyu arudishwe kwao, nisingeweza kukataa karatasi mbele ya watu wote wale. Nikauliza kalamu iko wapi, na mzee ndiye aliyenipa yake. Alisema, "Saini vizuri, usije ukaandika hirizi." Sitasingizia miwani. Miwani nilikuwa nayo, nimeipandisha kichwani. Nilisaini bila kuishusha.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nimeisikia methali hiyo tangu niko mdogo na nimewaimbia wanangu, na siku niliyoihitaji haikunijia.

Siku tatu baadaye mzee alikuja kwangu asubuhi, nachambua mahindi. Hakunitukana. Akasema, "Mtani, umenishinda. Wamenipigia mstari." Nikadhani ananirudishia utani. Nikamwambia Mrundi akafie mbele. Akasema tena, taratibu, kwamba jina lake lina mstari mwekundu, na pembeni wameandika pingamizi, na mwenye pingamizi ni mimi.

Niliacha ungo na kuku wakaingia kwenye mahindi. Tukaenda ofisini.

Msimamizi msaidizi alikuwa mama mmoja mtaratibu, hana kelele, na kwa kweli hilo ndilo lililonikera zaidi. Aliniuliza, "Mama, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, lakini ilikuwa utani. Mimi Mzigua, huyu Mnyamwezi."

"Fomu haina sehemu ya utani."

"Wewe kwenu hamna watani?"

"Ninao, mama. Lakini hapa ni ofisini."

Akatueleza. Pingamizi lilisikilizwa jana yake. Mzee aliitwa na hakutokea kujitetea. Nikauliza aliitwaje. Tangazo la wito, akasema, lilibandikwa kwenye ubao. Ubao uko ndani ya ofisi, na siku iliyotangulia kikao ofisi ilifungwa kutwa kwa sababu wote walikwenda semina mjini. Nililisema hilo kwa sauti ambayo siirudii hapa. Mzee akanishika kiwiko. Akatoa kwenye mfuko wa nailoni kadi yake ya mpiga kura, akaiweka mezani kwa heshima zote, akasema, "Mwanangu, kwa kadi hii nimechagua marais."

Mama yule aliitazama, akaigeuza, akamrudishia. "Hiyo ni ya daftari lingine, mzee. Hii ni orodha ya kijiji."

Jamani! Mtu anatosha kumchagua rais wa nchi nzima, hatoshi kumchagua mwenyekiti wa kitongoji anachokatiza kila siku kwenda kuchota maji. Nililia pale kwa hasira. Niliandika barua kwa mkono wangu kwamba naondoa maneno yangu yote. Wakaipokea, wakaipiga muhuri. Kisha wakaniambia pingamizi likishaamuliwa aliyelileta hawezi kulifuta, anayeweza kukata rufaa ni aliyepingwa. Tukaenda Korogwe mjini kutafuta hiyo kamati ya rufaa. Ilikuwa imeshamaliza kikao chake na kutawanyika. Muda wa kuandika neno moja la kumfuta mtu upo, na wa kulifuta neno haupo. Ndivyo walivyoipanga, na mimi niliwapa pa kuanzia.

Maana si yeye peke yake. Niliporudi kwenye ule ukuta nilikuta mistari mingine, yote ya watu wa kambi. Bwana wa fulana ya kola alikuwa amepata wa kusaini wengine, na hao hawakuwa watani wa mtu. Jirani mmoja wa kambini alinionyesha nakala ya pingamizi lake. Sababu iliyoandikwa: "Aliletwa na namba." Maneno yangu. Waliyachukua mdomoni mwangu wakayatembeza kwenye fomu za wengine.

Siku ya kura mzee alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akapanga foleni. Nilimwambia asiende atajiumiza. Akasema labda wamerekebisha. Nilikuwa nyuma yake, watu watatu kati yetu. Alipofika mezani, karani alipitisha rula kwenye majina, akapitisha tena, akasema, "Hupo, mzee." Alitoka kwenye foleni, akakaa kwenye benchi la wanaosubiri, mikono juu ya magoti, akabaki pale mpaka kituo kikafungwa. Mimi nilipiga kura. Jina langu halikuwa na mstari, ingawa aliniita mchawi miaka yote ile mbele za watu. Hakuna aliyemletea yeye fomu asaini.

Mgombea wa pili alishinda. Watu hunifariji kwamba kura moja ya mzee isingegeuza kitu. Waseme watakavyo, sipoi. Msimu uliofuata trekta liliingia nyuma ya kambi. Mzee alikuwa amewahi kuyazungushia makaburi mawe, na dereva, wanasema, aliyatoa mawe kwa adabu kabisa akayapanga pembeni kabla ya kulima. Mahindi yamestawi pale. Nimeyaona. Aliyenunua shamba lile alipita kwangu kuniuliza kama nitayachukua kwa jumla, nikamfukuza na mwiko.

Mwaka huu tukaitwa Korogwe mjini, kwenye ukumbi, watu wa kada zote, kutoa maoni kuhusu sheria za uchaguzi zirekebishwe vipi. Nilikwenda. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye basi tangu Handeni, ambako nilikuwa nimefuata mzigo. Kila mtu alipewa dakika tatu. Nikasema: anayempinga mwenzake aape, tena mbele ya uso wa anayepingwa. Wito apewe mtu mkononi, usibandikwe nyuma ya mlango uliofungwa. Aliyekosea aruhusiwe kurudisha neno lake. Na kadi ya mpiga kura itoshe kwa uchaguzi wote, mkubwa na mdogo, mtu asiwe raia Jumatatu akawa mgeni Jumanne. Sikusema kwamba aliyepinga ni mimi. Nilisema "kuna mama mmoja."

Mwongozaji akasema, "Tunamshukuru mama kwa mchango mzuri." Akaita anayefuata, ambaye alizungumzia rangi ya masanduku. Saa saba tukapewa pilau na soda. Niliila pilau ile yote. Nalisema na hilo pia.

Nikiwa bado mjini nikaona nisirudi bila kumwona. Siku hizi mzee anaishi Korogwe ya zamani, karibu na mto, kwenye chumba cha uani kwa binti yake. Kambi aliihama baada ya lile trekta. Tangu ahame nilikuwa sijamtia machoni. Nilinunua sukari na mchele, nikajiambia nikifika nitaanza kama zamani, nimtukane mpaka achanganyikiwe, anitukane, na tukishamaliza nimweleze ya ukumbini. Nilitaka ajue nimesimama mbele ya watu. Nilitaka aniite mchawi. Hakuna kitu nilichokitamani kama hicho.

Nikamwona kabla hajaniona, kakaa kwenye kigoda anasuka kamba ya mkonge kwa vile vidole vyake. Nikapaza sauti kutoka mlangoni, "Mtumwa wangu! Bado hujafa?"

Mzee aliinua uso. Akaweka kamba chini. Akainuka, na kuinuka kwenyewe kulimchukua muda, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili tumboni.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mzee wa miaka themanini kasoro, mimi niliye rika la binti yake. Binti alikuwa anaosha vyombo, akageuka kututazama. Nikangoja mzee acheke. Nikamwambia, "Acha hizo, wewe! Mimi mtani wako." Akasema, kwa upole uleule aliomwekea kadi mama wa ofisini, "Utani ni wa wenyeji, mama. Mimi niliambiwa si wa hapa."

Akabaki amesimama, kofia mkononi, anangoja niitikie shikamoo yake. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Sikuweza kusema marahaba.