Nilimurudisha Shahidi Juu Maneno Haina Kilo

Niliamini, na diplôme yangu ya masomo ya mangaribi mukononi, kama kwa cour d'appel, kwenye kesi inahukumiwa tena, kuko balance. Balance ya kweli, ya kuning'inia, kama ya wauza nyama wa soko ya Nyawera. Majaji wanatia dossier yako upande huu, ya parquet, wale washitaki wa serikali, upande ule, yenye inashuka njo inashinda. Mutu wa parking ya moto, kwenye pikipiki zinangojea abiria, aliniambia ivo. Mi nikaongeza yangu: eti iko ya zahabu ya Luhwindja.

Cheka, lakini malizia kusoma.

Mudogo wangu anaendesha moto. Walimufunga juu ya kuvunja boutique ya kuuza pagne za kitenge, na ni shahidi mumoja tu alisema alimuona. Mudogo wangu hakuiba. Naandika ivi bila kutetemeka. Tukafanya appel.

Kisha maman mumoja wa Nyangezi akatutafuta. Alikuwa anapelekea mutoto wake chakula kwa cachot ya polisi, na mule ndani alimuona ule shahidi, amefungwa juu ya boutique ile ile! Akasikia wanamuambia ataje jina la mutu mwingine, wamufungulie. Akataja la mudogo wangu, akatoka. Parquet walijua yote hii. Mbele ya tribunal wakanyamaza, puu.

Avocate wetu alifurahi sana. "Sasa dossier iko nzito," aliniambia. "Huyu maman asikose ku audience, siku ya kesi."

Nzito! Ni hii neno tu iliingia mu masikio yangu. Nikakusanya karatasi zote za dunia: carte ya ubatizo ya mudogo, bulletins zake za alama za shule tangu primaire, hata zenye zéro, cahiers zangu za masomo ya mangaribi, picha za ndoa ya wazazi. Dossier ikanenepa mpaka motard akasema hii ni abiria wa pili.

Na maman wa Nyangezi alipouliza saa ya kufika, nikamujibu kama profesa: "Rudi kulima, maman. Maneno haina kilo."

Ee ndugu zangu. Juge akauliza shahidi wetu iko wapi. Nikasimama na muzigo wangu kichwani. Kesi ikasukumwa mbele. Mudogo wangu akanitazama, pingu mu mikono, akarudishwa ku prison. Mpaka leo mama yetu ananiwekea foufou peke yangu kwa meza, kama mugeni.

Kosa langu nalikubali kwa sauti kubwa. Lakini wale wa parquet wenye walificha wasipumue bado. Mi nilikosa juu ya bujinga. Wao walikosa na macho wazi. Nilienda Nyangezi, nikapiga magoti mu matope ya shamba la ule maman. Alicheka mpaka jembe likamuanguka, kisha akakubali. Audience yenye kuja atasimama mbele, na mi nitakuwa nyuma yake, mikono mitupu. Watamusikia, wapende wasipende.

Wewe mwenye ndugu yako iko ndani, usimurudishe mutu mwenye aliona, hata kama umesoma kunipita. Ile siku kesi ilisukumwa, kwa mulango wa cour d'appel, avocate alinishusha muzigo kichwani, akaniambia polepole:

"Papa, majaji hawapimi. Wanasikiliza."