Shemeji wa Sauti ya Nne

Niseme wazi tangu mwanzo: shemeji yangu sikumpenda, yeye alijua, wala hakujali, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alikuwa fundi pampu. Dada yangu, mwalimu mwenye cheti chake na sura ya kupendeza, alimwona kwenye kwaya ya kanisa amesimama safu ya nyuma, akarudi nyumbani anachekacheka peke yake. "Anaimba besi," akaniambia. Nikamwuliza, kwani hiyo nayo ni kazi?

Mimi ni mshonaji. Majoho ya kwaya ile nimeyashona mwenyewe, yote thelathini, kwa hiyo mtu asinifundishe habari za wanakwaya. Nimewapima viuno. Wa soprano hujipunguzia inchi mbili wakitaja vipimo vyao, wa tenori wanataka mabega yatiwe sponji. Mwalimu wa kwaya, mtu wa maringo, kalamu haitoki sikioni, alinirudishia joho mara tatu kwa kuwa mkono haukupeperuka vizuri alipokuwa akiongoza. Wa besi hawasemi kitu. Shemeji nilimkatia joho fupi kwa makusudi, nione atafanya nini. Alilivaa miaka minane, vifundo vya miguu nje, na kila tukikutana ananishukuru. Sasa mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba. Pampu zimefunguliwa matumbo, beringi zimeloweshwa kwenye kopo la mafuta ya taa, na ukutani amebandika karatasi za noti za solfa zenye alama za vidole vyeusi vya grisi. Alijifunza sehemu yake humo humo, peke yake, huku akikaza boliti. Na hapa ndipo kwenye kichekesho: mtu huyu aliimba kanisani miaka ishirini na hakujua tuni ya wimbo hata mmoja! Alijua besi tu, sauti ya nne, ile ya chini kabisa. Binti yao alipokuwa mchanga alibembelezwa kwa besi. Noti moja, kimya, noti nyingine, kimya kirefu. Mtoto alikuwa akilala, nadhani kwa kukata tamaa.

Kiharusi kilimkuta hapo hapo karakanani asubuhi moja, ameinamia mota. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote. Baada ya wiki tatu hospitalini alirudishwa nyumbani, akawekwa kwenye kiti cha mikono pale sebuleni. Ukimwambia kitu anakutazama. Anafungua kinywa, inatoka sauti isiyo na umbo, anakifunga. Kama anaelewa, au kama hakuna mtu tena mle ndani, hakuna aliyejua. Daktari alisema maneno huenda yakarudi na huenda yasirudi, halafu akaangalia saa yake.

Basi wakaanza kuja wale watia moyo. Jamani! Wanakaa, wanapewa chai, wanasema "ni mapito tu haya," wanaomba sukari. Wanamsema mtu mbele ya uso wake. "Hivi anasikia huyu?" Mmoja akampungia mkono karibu na macho, eti anapima. Mwalimu wa kwaya alikuja mara moja, akakaa dakika saba, nilizihesabu, akaomba zile karatasi za noti zilizoko karakanani kwa sababu besi mpya anazihitaji. Huyo besi mpya ni kinyozi mmoja anayeingia kwenye kila wimbo kabla ya wakati wake kama mtu anayewahi basi. Dada akaenda, akazibandua karatasi zote ukutani kwa mikono yake, akamkabidhi. Mimi ningemkabidhi kitu kingine.

Dada alikuwa ameacha kwaya. Alisali tu. Jioni anamnyoa mumewe, anamsomea Zaburi, anamweleza habari za shule kana kwamba atajibiwa. Imani yake ile ilinichosha, nisiwe mnafiki. Nilikuwa nikimtazama anasinzia amesimama kwenye sinki, mikono ndani ya maji, na gauni nililomshonea mwenyewe limekuwa gunia mwilini mwake.

Halafu zikaanza zile kelele. Wiki ya sita, kila jioni saa kumi na moja, shemeji anaanza kuguna. Mguno mzito, kimya, mguno mwingine, kimya, miwili ya kufuatana. Nusu saa nzima. Binti yao, wa darasa la nne, alikuwa akikimbilia chumbani na kujifunika mto kichwani, akijua baba yake anaumia. Muuguzi akaleta dawa za maumivu, zikamlaza siku mbili. Alipoamka, akaendelea pale pale. Mwinjilisti naye akaja kuikemea roho ya mguno. Alimshika kichwa kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akakemea mpaka jasho likamtoka, na shemeji akaguna chini ya maombi yale mwanzo mpaka mwisho bila kubabaika.

Hapo nikapiga simu. Sifichi. Nilimpigia kaka mtu, mkubwa wa shemeji, mstaafu mwenye shamba mwendo wa siku nzima kutoka hapa, nikamwambia: mtu wenu hana akili tena, njooni mmchukue kabla hajaniulia dada yangu. Dada sikumwambia.

Alikuja Jumanne, kofia kichwani hata ndani ya nyumba. Chumba kipo, akasema, karibu na ghala la mahindi, na kijakazi wa kumlisha yupo. Dada akakataa.

"Ataondoka siku nitakayojua kwamba yeye mwenyewe anataka," akasema.

"Na atakuambiaje, mama? Kwa kuguna?"

Walivutana weee, mwisho wakapatana. Kama hadi Jumapili hajaonyesha kwa njia yoyote kwamba anaelewa, kaka mtu anaondoka naye baada ya ibada. Dada akakubali, akaingia jikoni, na sikumsikia akilia, kwa hiyo nikajua analia.

Jumapili ikafika, na shemeji alikuwa vile vile. Gari lilikuwa mlangoni, kiti cha mbele kimelazwa. Kwaya ikaja kumuaga, watu kumi na moja wamebanana sebuleni, na besi hata mmoja hakuna. Kinyozi, aliyezoea kuwahi kila mahali, siku hiyo alichelewa. Mwalimu wa kwaya akatoa kalamu sikioni, akasema tutaimba hivyo hivyo. Akainua mkono.

Walipofika mstari wa pili, shemeji akaanza kuguna. Mwalimu akasimamisha wimbo.

"Tumwache apumzike," akasema, "kelele zinatuvuruga."

"Imbeni tena," dada akasema.

"Mama, mgonjwa..."

"Nimesema imbeni!" Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Akatoka pembeni ya kiti, akajipanga kwenye safu ya alto, mahali pake pa zamani, na aproni yake kiunoni.

Wakaimba. Soprano juu, alto, tenori, na chini yao ule mguno. Mimi sina sikio la muziki, nikiimba mimi hata mbwa huondoka, lakini nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti chake na nilihisi mbao zinatetemeka pale pale walipohitaji zitetemeke. Mguno, kimya, mguno, miwili ya kufuatana. Binti yao akatoka chumbani, amesimama mlangoni mdomo wazi.

"Baba anaimba!" akasema.

Loh! Wiki nzima na nusu yule mtu alikuwa akiimba. Saa kumi na moja jioni, saa ya mazoezi ya kwaya. Alikuwa akiimba sauti ya nne peke yake, zile tatu hazipo, na sisi, wajuzi sisi, tukampa dawa za maumivu na kumkemea mapepo.

Ulipofika mwitikio, sauti zote zikanyamaza. Kumbe wimbo ule una pahali ambapo besi huingia peke yake. Mwalimu akaacha mkono hewani, hana wa kumpa ishara. Na kutoka kwenye kiti, polepole, kwa maneno yanayosikika, maneno ya kwanza tangu siku ile ya karakana: "Sijaondoka, Bwana, sijaondoka."

Dada aliendelea kuimba, machozi yakimtiririka hadi shingoni, na hakukosa noti hata moja. Wengine walimfuata mpaka mwisho. Wimbo ulipokwisha, kaka mtu akakohoa.

"Ni vizuri," akasema. "Lakini hayo ni maneno ya wimbo. Hata kasuku anaweza. Haimaanishi kwamba anaelewa."

Shemeji akageuza uso, akamtazama ndugu yake. Akajaribu kusema. Ikatoka ile sauti isiyo na umbo. Akafunga kinywa, akavuta pumzi, akaanza upya bila kwaya, bila mwalimu, akipiga mkono wa kushoto kwenye kiti na macho yake hayabanduki kwa mkubwa wake: "Sijaondoka. Sijaondoka." Alirudia mara tatu. Mara ya tatu kaka mtu alivua kofia.

Haya, angeondoka tu kimya kimya. Lakini mtu mkubwa akiaibika lazima atafute wa kugawana naye. Alipofika mlangoni akanigeukia, mbele ya wote.

"Si wewe uliyenipigia simu? Ukaniambia hana akili tena, nije nimchukue?"

Sebule nzima ikanitazama. Wale wa soprano, wale wa tenori, na mwalimu wao. Nikasubiri dada anirukie. Alikuwa amepiga magoti, anamfuta mumewe kidevu.

"Najua," akasema bila kugeuka. "Nimejua tangu Jumanne. Nimekuwa nakuombea."

Bora angenitukana! Matusi nayaweza, nina ya kurudisha. Nikafungua mdomo niseme kwamba nilimhurumia yeye, kwamba yeyote angefanya vile, na ndipo nikaona shemeji ananitazama. Simu ile nilikuwa nimeipiga humu humu sebuleni. Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye kiti hiki, kikombe chake cha uji mkononi, nikaongea kwa sauti yangu yote, kwa kuwa nilijua hakuna anayesikia.

"Shemeji," nikasema, na neno la pili halikuja.