Kafaili kamoja kalivyookoa asali ya wakwe zangu wa Ugalla

Wakuu, heri ya mchana. Haya yamenitokea mwenyewe hapa Mpanda. Sijatia chumvi, chumvi nimeiacha kwa ajili ya mboga.

Nina steshenari Makanyagio: photocopy, kuflashi simu, kufufua laptop. Mke wangu Rehema ni mtu wa Ugalla, na mama yake ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki kule. Kwa hiyo nikisema kikundi, mjue ni ukweni. Huko hata kusema "siwezi" ni kazi.

Asali yao inakusanywa kwenye ghala Nsemulwa. Kila ndoo ina namba, na taarifa zake zimo kwenye mfumo, kompyuta ya ofisini. Aliyeutengeneza alishahama, simu hapokei. Na mfumo wenyewe unakuonyesha ndoo moja moja tu.

Majuzi kaja mnunuzi. Kafungua ndoo chache, baadhi zinanuka tumbaku. Akarudisha mfuniko.

"Mama, siwezi kubahatisha na wateja wangu. Nionyesheni zilizoharibika ni zipi na kwa nini. La sivyo sichukui hata moja."

Mavuno ya msimu mzima, ya wanachama wote, yalikuwa mle ndani.

Mama Rehema akanipigia. "Mkwe, njoo na huo ufundi wako. Sasa hivi." Nikapanda boda.

Sasa wakuu, kuna kafaili kamoja ka PHP, kepesi kuliko picha mnazotumiana WhatsApp. Unakaweka kwenye folda ya mfumo, unafungua browser, unaingiza password ya database (imeandikwa humo humo kwenye mafaili ya mfumo), na majedwali yote unayaona.

Ila nilipoona kitufe cha Drop kiko pale pale na vingine, jasho lilinitoka. Ukikosea kubofya umefuta ukwe! Nikafanya Export kwanza, nakala ikaingia kwenye flashi, ndipo nikaanza.

Nikaandika query, yaani swali kwa database, kwa namba za zile ndoo zilizonuka tu. Kwenye safu ya maelezo, ambayo mfumo ulikuwa hauionyeshi kabisa, zote zina maneno yale yale: "Mvua. Zililala kwa Baba Paskalia."

Nikasoma kwa sauti. Mama Rehema akashika kichwa.

"Jamani! Yule si kazilaza kwenye bani!"

Kwa wasiojua, bani ni jengo la kukaushia tumbaku, na Baba Paskalia ni mwanachama mwenzao anayelima tumbaku pia. Gari la kuleta asali ghalani lilikwama kwenye tope, mzee wa watu hakutaka asali ya wenzake ilowe, akaipa jengo kavu kuliko yote pale kwake. Na asali inavuta harufu, hasa mfuniko ukiwa haujakaza.

Nikageuza query: kila ndoo iliyolala kwa Baba Paskalia. Zikaja, nyingi bado hazijafunguliwa.

Mnunuzi hakuamini. "Haya, mimi nachagua, wewe sema kabla sijafungua."

Akawa ananisomea namba, mimi naangalia skrini. "Safi." Anafungua, ananusa, safi. "Tumbaku." Anafungua, anakunja pua. Wakuu, moyo ulidunda kuliko siku niliyopeleka posa kwa hawa hawa.

Mwisho akacheka. Akachukua zote zilizo safi, na kaahidi kurudi msimu ujao.

Zenye harufu wazee wa Ugalla wamezigombania, wanadai pombe ya asali haichagui.

Baba Paskalia alipopata habari alikuja mwenyewe, mnyonge kabisa. "Mimi mwenyewe silali pakavu vile," alisema. Hakuna aliyemlaumu. Iliniuma, na nikampenda sana yule mzee.

Nilichojifunza: backup kabla ya kugusa chochote, na ukimaliza futa hako kafaili, usiache mlango wazi kwenye seva. Na jazeni sehemu ya maelezo. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anaing'ang'ania, wanachama wakimnung'unikia.

Nyie mnaosaidia vikundi huko mliko, mnachungulia database kwa kutumia nini? Mwageni ujuzi hapa chini.

Mimi nawahi ukweni. Baba Paskalia kajenga kibanda cha asali, mbali na bani, na anataka kiingie kwenye mfumo kwa jina lake.